Usione Vyaelea: Namna ya Kuandika Wasifu wa Mwandishi au Msanii Aliye Hai

Wasifu wa kwanza niliowahi kuandika ulikuwa na sentensi tano. Nne zilikuwa za tuzo na maonyesho, ya tano ilisema "anaishi na kufanya kazi mjini." Mwenyewe alikuwa mzee mmoja aliyeunda sanamu kwa chuma chakavu: ndege, punda, watu waliojikunyata. Nilimpelekea karatasi niliyoichapa vizuri, nikasubiri pongezi. Akaisoma amesimama, akachomoa penseli iliyokuwa nyuma ya sikio, akaandika pembeni: "Miaka 19 nimechomelea mageti." Akanirudishia, akaendelea na kazi yake.

Nilikuwa nimezitazama sanamu zile wiki nzima. Niliona jinsi maungio ya chuma yalivyolala laini kama mshono wa nguo, na sikujiuliza hata mara moja mkono ule ulijifunzia wapi. Niliandika tuzo kwa sababu tuzo zilikuwa zimeshaandikwa mahali pengine. Kazi yangu ilikuwa kunakili tu.

Tangu siku hiyo nimeandika wasifu zaidi ya 300, kwa vitabu vya maonyesho, kwa diwani na mikusanyiko ya hadithi, kwa kurasa za nyuma za majarida. Haya ndiyo ninayomwambia kila kijana anayekuja kukaa mezani kwangu kujifunza. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Mwandika wasifu huuliza vimeundwa saa ngapi, kwa fedha za nani, na nani alikuwa akimbembeleza mtoto wakati vikiundwa.

Anza na karatasi ya miaka

Kabla hujampigia mtu simu, soma kitabu chake au nenda ukasimame mbele ya picha zake. Msanii hung'amua ndani ya dakika mbili kama umekuja mikono mitupu.

Kisha chukua karatasi, upige mstari wa wima katikati. Kushoto andika miaka, mmoja chini ya mwingine, kuanzia aliozaliwa hadi huu tulio nao. Kulia jaza unachokijua kutoka vyanzo vya wazi: shule, kitabu cha kwanza, maonyesho ya kwanza, kuhama, kurudi. Usikisie. Kama hujui, acha wazi.

Utabaki na karatasi yenye mashimo. Wanaoanza huyaonea haya mashimo hayo na kuyaruka kwa maneno kama "baada ya muda" au "hatimaye." Mimi huyazungushia duara jekundu, kwa sababu huko ndiko ninakokwenda kuuliza. Mchukue Abdulrazak Gurnah. Ukimwandika kwa haraka anatosha mstari mmoja: alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akahamia Uingereza, riwaya ya kwanza 1987, Tuzo ya Nobel 2021. Lakini alifika Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960. Kutoka hapo hadi riwaya ya kwanza ni karibu miaka 20, na humo ndani yumo kijana aliyefanya kazi ya uhudumu hospitalini, aliyesoma, aliyekwenda kufundisha chuo kikuu huko Kano, Nigeria, na aliyepata shahada ya uzamivu mwaka 1982 katika Chuo Kikuu cha Kent, ambako alifundisha hadi kustaafu. Na baada ya riwaya hiyo ya kwanza zikapita tena miaka 34 ya kuandika kabla ya simu ya Nobel kutoka Stockholm, simu ambayo mwenyewe aliidhania ni mzaha.

Jambo dogo kuhusu tarehe: usimwamini mtu kumbukumbu yake, hata kama anaapa. Mchoraji mmoja alinihakikishia kwamba maonyesho yake ya kwanza yalikuwa mwaka 1998. Kadi ya mwaliko, aliyoitoa mwenyewe kwenye sanduku chini ya kitanda, ilisema 2001. Hakuwa anadanganya. Kwake yeye maonyesho yalianza siku alipoanza kuyaota. Ukurasa wa haki za kunakili ndani ya kitabu, kadi ya mwaliko, cheti cha shule: omba kuona.

Swali la kodi

"Ulianza lini kuandika?" ni swali bovu. Kila mtu analo jibu lake tayari, limepigwa msasa kwa kusemwa mara mia, na kwa kawaida linamhusu bibi aliyesimulia hadithi usiku. Sisemi mabibi hawakusimulia. Nasema jibu hilo halikupi kitu cha kuandika ambacho hakimo katika wasifu wa jirani yake.

Mimi huuliza hivi: "Mwaka ulipokuwa unaandika kitabu chako cha kwanza, kodi ya nyumba ulikuwa unailipaje?" Halafu nanyamaza. Kunyamaza ni nusu ya ufundi. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi kama ni lazima. Jibu la kwanza litakuwa kicheko, la pili ndilo utakaloandika.

Swali hili ndilo linalokufungulia upana wa maisha ya watu hawa. Ukipanga wasifu kwa tuzo, wote wanafanana. Ukipanga kwa kodi, hapatikani hata mmoja anayefanana na mwenzake. Haruki Murakami alikuwa na klabu ya jazi mjini Tokyo, aliyoifungua na mke wake mwaka 1974. Riwaya yake ya kwanza, iliyotoka 1979, aliiandika usiku kwenye meza ya jikoni baada ya kazi. Yu Hua wa China aling'oa meno kwa takriban miaka mitano. Amesimulia mwenyewe kwamba alichoka kuchungulia vinywa vya watu, akawaona watumishi wa kituo cha utamaduni wakizurura mitaani saa za kazi, akaambiwa kuzurura ndiyo kazi yenyewe, na hapo akaamua kuwa mwandishi. Octavia Butler, aliyeandika riwaya za kisayansi Marekani hadi kifo chake mwaka 2006, aliosha vyombo, aliuza bidhaa kwa simu, alikagua vibanzi vya viazi kiwandani, na kuamka saa nane usiku ili aandike kabla ya kwenda kazini. Khaled Hosseini alikuwa daktari wa hospitali. Riwaya yake ya kwanza aliiandika alfajiri kabla ya zamu, na hata ilipotoka mwaka 2003 aliendelea kutibu wagonjwa kwa zaidi ya mwaka.

Kuna mmoja ambaye namtaja kila mara kwa wanafunzi wangu. Manoranjan Byapari alijifunza kusoma na kuandika akiwa gerezani, baadaye akawa mvuta riksho mjini Kolkata. Siku moja alimpakia mwanamke aliyeonekana msomi, akamuuliza maana ya neno moja la Kibengali lililomsumbua katika kitabu alichokuwa akisoma. Abiria huyo alikuwa Mahasweta Devi, mmoja wa waandishi wakubwa wa India, naye akamwalika aandike katika jarida lake. Mwaka 2021 Byapari alichaguliwa kuingia bunge la jimbo la West Bengal. Katikati ya mambo hayo mawili alipika kwenye jiko la shule kwa miaka mingi, na hilo jiko watu husahau kuliandika kwa sababu halina muujiza ndani yake.

Hapo ndipo penye mtego. Ukipata hadithi kama hiyo, mkono utakuwasha uandike "kutoka riksho hadi bungeni." Usiandike. Mezani kwangu nimepiga marufuku vitu viwili: muundo wa "kutoka... hadi..." na neno "licha ya." Ukisema "licha ya kuwa mvuvi, ni mshairi," umemtukana mvuvi na mshairi kwa pigo moja, na pengine ni mtu mmoja. Weka viunganishi vya kawaida: alivuta riksho na kusoma. Alipika na kuandika. Aling'oa meno, na hadithi zake za mwanzo zilijaa damu. Msomaji ataona mwenyewe kama vitu hivyo vinahusiana, wewe usimshike mkono.

Fuatisha swali la kodi kwa swali la saa. "Uliandika saa ngapi?" Hili hufichua watu wengine waliokuwa ndani ya nyumba. Toni Morrison alikuwa mhariri katika kampuni ya uchapishaji mjini New York na akilea watoto wawili wa kiume peke yake. Aliandika kabla ya mapambazuko, wakati watoto hawajaamka. Mtunzi mmoja wa tamthilia aliwahi kunijibu kwa fahari kwamba yeye huandika kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba bila kukatizwa na mtu. Nikamuuliza chakula cha mchana hutoka wapi. Akatazama kando ya mlango, ambako mke wake alikuwa akipita na ndoo. Katika wasifu wake kuna nusu sentensi inayomtaja mama huyo kama msomaji wa kwanza wa kila mswada, jambo ambalo mwenyewe alilikumbuka baada ya kutazama mlangoni.

Wapo pia ambao jibu la swali la kodi ni neno moja: baba. Au mume mwenye mshahara, au nyumba ya urithi. Hao mara nyingi hujiita "mwandishi huru" na mambo huishia hapo. Silazimishi, lakini huwa nawaambia kwa nini naomba kuandika: binti wa miaka 22 anayesoma wasifu ule baada ya zamu ya usiku atadhani kasoro ni yake, kwamba wengine wana vipaji vinavyojilipia. Zaidi ya nusu ya niliowaeleza hivyo walikubali. Mmoja alinipa sentensi mwenyewe: "Kaka yake alimlipia kila kitu kwa miaka minne, naye bado hajamlipa."

"Mzaliwa wa" haitoshi

Chukua watu watatu. Abdulrazak Gurnah, niliyemtaja. Lubaina Himid, mchoraji, aliyezaliwa 1954. Freddie Mercury, mwimbaji, aliyezaliwa 1946 na kufariki 1991. Wote watatu ni "mzaliwa wa Zanzibar, aliyeishi Uingereza." Sentensi ni ileile, na kwa wote watatu haisemi chochote. Gurnah aliondoka akiwa kijana wa miaka 18, amekwishasoma shule, na lugha yake kinywani. Himid aliondoka akiwa na miezi minne, mikononi mwa mama yake, baada ya baba kufariki. Mercury alipelekwa shule ya bweni India akiwa mtoto wa miaka minane, na familia yake ikahamia Uingereza mwaka 1964. Mmoja anakumbuka mji, mmoja amesimuliwa mji, mmoja aliuacha na kuurudia.

Kwa hiyo kanuni ninayoifuata ni kwamba jina la mahali halisimami peke yake. Liwekee kitenzi na umri. Alizaliwa hapa, akaondoka akiwa na miaka mingapi, nani aliamua aondoke. Neno "asili" nalitumia kwa nadra sana, maana kila anayelisoma hulijaza anachotaka.

Na uraia usiufanye kuwa wa kwanza katika sentensi kwa mazoea tu. El Anatsui alizaliwa Anyako, Ghana, mwaka 1944. Mwaka 1975 alikwenda kufundisha uchongaji Chuo Kikuu cha Nigeria, Nsukka, na huko ndiko alikokaa kwa miongo kadhaa na kuanza, mwishoni mwa miaka ya 1990, kuunganisha vizibo vya chupa kwa waya wa shaba hadi vikawa mapazia makubwa yanayomeremeta ukutani. Ukiandika "msanii wa Ghana" hujakosea. Lakini kazi iliyompa jina imezaliwa Nsukka, na wanafunzi aliowafundisha wako Nsukka. Sentensi yenye nchi zote mbili inazidi maneno manne tu. Yalipie.

Muulize pia mtu lugha. Si "unaongea lugha gani," bali unaandika kwa ipi, unahesabu kwa ipi, unamgombeza mtoto kwa ipi. Nimewahi kupata lugha tatu tofauti kwa maswali hayo matatu.

Jina ni lake

Liandike kama anavyoliandika yeye. bell hooks, mwandishi wa Marekani aliyefariki 2021, aliandika jina hilo kwa herufi ndogo kwa makusudi; lilikuwa la mama wa bibi yake, na yeye mwenyewe alizaliwa Gloria Jean Watkins. Mhariri anayelianza kwa herufi kubwa "kwa ajili ya sarufi" amefuta uamuzi wa mtu. Ngũgĩ wa Thiong'o alichapisha vitabu vyake vya mwanzo kwa jina la James Ngugi, kisha akaliacha. Ukihitaji kulitaja jina la zamani, litaje kwa sababu msomaji atalikuta kwenye majalada ya zamani; si kama siri uliyoifukua.

Kuhusu jina la kalamu mimi sina mjadala. Anayejificha ana sababu zake. Elena Ferrante, mwandishi wa riwaya wa Italia, ameuza vitabu dunia nzima bila uso. Mwaka 2016 mwandishi wa habari mmoja alichambua nyaraka za fedha na kutangaza anadhani ni nani, na wasomaji wengi wakamkasirikia yeye badala ya kumshukuru. Nimewaandikia wasifu watu wanne wenye majina ya kalamu. Majina yao halisi ninayajua, na hayako hata kwenye kompyuta yangu.

Yanayouma

Sasa nieleze kosa langu. Nilimwandikia mshairi mmoja, mama wa miaka sitini na ushei, na sentensi yangu ya kwanza ilianza: "Mshairi mkimbizi..." Sikubuni, mwenyewe alinisimulia kwa saa nzima jinsi alivyovuka mpaka akiwa msichana, amebeba sufuria kichwani. Kitabu kikachapwa. Akanipigia simu. Hakufoka.

"Mwanangu," akasema, "nina vitabu sita. Umenirudisha mpakani."

Sikuwa na la kumjibu isipokuwa samahani, mama. Toleo la pili lilirekebishwa, lakini nakala za kwanza bado ziko kwenye rafu za watu.

Nilichojifunza ni kwamba mtu kukusimulia jambo si ruhusa ya kuliandika, na hata akiruhusu, swali la pili ni mahali pa kuliweka. Siku hizi mambo ya gerezani, ugonjwa, vita, talaka na watoto waliofariki nayauliza mara mbili. Mara ya kwanza siku ya mazungumzo. Mara ya pili kwa simu, baada ya usiku kupita, nikimsomea sentensi yenyewe kama itakavyochapwa. Watu wengi husema ndiyo jioni na hapana asubuhi, na jibu la asubuhi ndilo linaloshika.

Wengine hulitaka jambo liwemo, tena wazi. Yayoi Kusama, mchoraji wa Japani aliyezaliwa 1929, hafichi kwamba tangu 1977 anaishi kwa hiari yake katika hospitali ya magonjwa ya akili mjini Tokyo na kufanya kazi katika karakana iliyo karibu. Vitone anavyovichora kila mahali amevieleza mwenyewe kuwa vilianza na maono ya utotoni. Kulificha jambo hilo kungekuwa kumsahihisha. Behrouz Boochani, Mkurdi kutoka Iran, aliandika kitabu kizima kwa ujumbe wa simu akiwa amezuiliwa na Australia kama mwomba hifadhi kisiwani Manus, Papua New Guinea, na Januari 2019 kitabu hicho kikashinda tuzo kubwa ya fasihi nchini Australia huku mwandishi akiwa bado hawezi kutoka kisiwani. Hapo kuzuiliwa si mapambo. Ndiko kunakoeleza kwa nini kitabu kiliandikwa vipande vipande kwenye simu. Nami huo ndio mzani wangu: kama jambo linaloumiza linaeleza namna kazi ilivyotengenezwa, na mwenyewe ameridhia, liandike. Kama linaongeza huruma tu, liache.

Shule na tuzo, kwa kifupi

Shule moja inatosha, ile iliyobadilisha mkono wake. Na shule si lazima iwe na geti. Esther Mahlangu wa Afrika Kusini, aliyezaliwa 1935, alifundishwa kuchora kuta za nyumba na mama na bibi yake akiwa na umri wa miaka 10, na michoro hiyohiyo ya Kindebele ndiyo aliyoipaka kwenye gari la BMW mwaka 1991. Andika "alifundishwa na," si "hakupata mafunzo rasmi." Maneno hayo ya pili ni matusi yaliyovaa tai.

Tuzo mbili, zisizidi. Chagua zinazosimulia kitu. Na umri usiuandike kana kwamba kuchelewa ni ajabu: Emily Kame Kngwarreye wa Australia alianza kupaka rangi kwenye turubai akikaribia miaka 80, baada ya miaka kadhaa ya kutia rangi vitambaa kwa nta, na kabla hajafariki mwaka 1996 alikuwa ameacha maelfu ya picha. Hakuchelewa, alikuwa na mambo mengine ya kufanya.

Kuandika wenyewe

Andika matoleo matatu kwa mpigo: la maneno 30, la 80 na la 250. Utaombwa yote, na ukiacha wengine wakufupishie watakata kodi na kubakiza tuzo. Anza na la 80, ndilo gumu. La 30 utalikata humo, la 250 utalinyoosha.

Huu ni mfano wa wasifu unaoonekana mzuri na usiofaa: "Lubaina Himid ni msanii mashuhuri wa Uingereza mwenye asili ya Zanzibar. Licha ya changamoto nyingi, amejizolea sifa kimataifa na kushinda Tuzo ya Turner. Kazi zake zinagusa masuala mbalimbali ya jamii." Badilisha jina, na watu 50 wataingia humo bila kujikunja. "Mashuhuri" ni neno la mtu asiyejua. "Changamoto nyingi" ni zipi? "Masuala mbalimbali" ni hewa.

Na huu ndio ambao ningeuweka mimi: "Lubaina Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954. Baba yake alipofariki, mama yake, mbunifu wa vitambaa, alimpeleka Uingereza akiwa na miezi minne. Alisomea ubunifu wa majukwaa ya tamthilia. Hata leo watu anaowachora kwenye mbao zilizokatwa kwa umbo la mwili husimama ukumbini kama waigizaji wanaosubiri zamu. Amefundisha chuo kikuu mjini Preston kwa miaka mingi. Alishinda Tuzo ya Turner, tuzo ya sanaa ya Uingereza, mwaka 2017, akiwa na miaka 63, mwaka uleule kikomo cha umri wa miaka 50 kwa wanaoishindania kilipofutwa."

Tazama vitambaa vya mama na mbao za jukwaa: sikusema vimemfanya awe msanii. Nimeviweka karibu na kazi yake tu. Hili ni gumu kulizuia, kwa sababu sisi wanadamu tunapenda maisha yaeleze kitabu, na wasomaji wetu wanapenda zaidi. Lakini wachomelea mageti wako wengi na wengi wao hawakuunda punda. Yule mzee niliwahi kumuuliza kwa nini punda. Akaniambia kwato ni rahisi kukata.

Soma ulichoandika kwa sauti. Palipo na sifa, weka kitenzi. Palipo na "mbalimbali," weka kitu kimoja. Kisha hesabu: kama wasifu hauna walau jambo moja ambalo mtu angelazimika kuuliza ili alijue, rudi ukaulize.

Mrudishie

Mpelekee mwenyewe kabla ya kuchapa, na umpe siku tatu. Atakachosahihisha kuhusu ukweli, sahihisha. Atakachoongeza cha sifa, mweleze kwa adabu kwamba nafasi imekwisha. Akitaka jambo liondolewe, liondoe bila kudai sababu. Na chini ya wasifu andika tarehe, maana mtu aliye hai hakai mahali pamoja akusubiri, wasifu wangu mwingi uliochakaa umechakaa kwa neno "sasa."

Mwaka jana yule mzee wa sanamu alinipigia. Nilidhani anataka nakala za kitabu. "Lile la mageti umeliacha?" akauliza. Nikamwambia limo, mzee, tangu siku ile. "Vizuri. Sasa ongeza kwamba macho hayawezi tena moto. Nimehamia kwenye udongo." Nikamuuliza kama jambo la macho lichapwe. Akasema nimpigie kesho.

Kesho yake akasema udongo uandike, macho uyaache. Nikafungua jalada, nikafuta "huunda sanamu kwa chuma," nikaandika "aliunda sanamu kwa chuma, sasa anafinyanga," kisha nikakumbuka lile neno langu, nikaondoa "sasa," nikaweka mwaka.